Je, Nishushe Nyavu Tena?

Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Somo: Luka 5:1–11

Ni asubuhi nyingine ambayo Bwana ametujalia, na hapa kwetu Kiganjo mlima umejitokeza wazi kabla mawingu hayajaufunika. Nawasalimu ninyi nyote mlio nyumbani, ninyi mlio safarini, na ninyi mnaokamua ng'ombe huku redio ikiwa imetundikwa kwenye ua wa zizi. Naomba mnipe dakika hizi chache tukae pamoja katika Neno la Mungu.

Leo nataka kusema na mtu mmoja hasa. Ni yule aliyefanya mtihani, akapokea matokeo yasiyomridhisha, na sasa anajiuliza swali moja mchana na usiku: Je, nirudie? Huenda ni wewe. Huenda ni mwanao, naye ameacha kuzungumza wakati wa chakula. Huenda ni mwalimu, au askari, au karani aliyekuwa akitafuta cheo. Mitihani ni mingi katika nchi yetu, na majina yake ni mengi, lakini uchungu wa kuanguka ni mmoja.

Majuma machache yaliyopita binti mmoja wa parishi yetu alikuja nyumbani kwangu jioni. Sitamtaja jina, lakini ameniruhusu kuzieleza habari zake. Ana shahada ya kwanza ya takwimu, na sasa anafundisha hisabati kwa mkataba katika shule ya binafsi. Haja yake ni kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili, ajifunze kuhesabu na kufuatilia magonjwa yanavyoenea katika watu. Ni haja njema. Ili aombe nafasi aliambiwa afanye mtihani uitwao GRE. Huo ni mtihani ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani vimeutumia tangu zamani kuwapima wanaoomba kuendelea na masomo ya juu. Ulianza mwaka 1936, na siku hizi hutungwa na shirika liitwalo ETS. Kuna sehemu ya lugha na sehemu ya hisabati, na kila moja hupewa alama kati ya 130 na 170. Kuna na insha pia. Tangu Septemba 2023 mtihani huo umefupishwa, hata hauzidi saa mbili.

Binti huyu alijiandaa miezi minne kwa ajili ya saa mbili hizo. Akapanda matatu hadi Nairobi, akalala kwa shangazi yake, na asubuhi akakaa mbele ya kompyuta. Alipomaliza, kompyuta ikamwonyesha alama zake papo hapo: lugha 154, hisabati 151. Alikuwa ametumaini kupata 160 ya hisabati. Hebu fikirini, mwalimu wa hisabati kuangushwa na hisabati! Aliniambia kwamba njia nzima ya kurudi, kutoka Nairobi mpaka Karatina, hakuinua macho kutazama dirishani.

Tena kulikuwa na jambo la fedha. Ada ilikuwa dola 220, yaani zaidi ya shilingi 28,000, nazo zilitoka katika bei ya mtamba mmoja aliyeuzwa. Sasa mama yake yuko tayari kuuza mtamba wa pili. Baba yake anasema ng'ombe wa boma hili hawakuzaliwa ili waende Marekani mmoja mmoja. Nyumba imegawanyika, na binti yuko katikati. Akaniambia, "Mchungaji, naomba uamue wewe. Nirudie au niache?"

Ndugu zangu, nakiri mbele yenu kwamba jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa karibu kumwambia, "Binti yangu, usikate tamaa, jaribu tena, Mungu yu pamoja nawe." Ni maneno mazuri, na sisi wahubiri tunayo tele. Lakini nikayazuia, kwa sababu nilimkumbuka kijana mmoja.

Kijana huyo alinijia miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya uchungaji. Alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, akapata C, naye alihitaji C+ ili aingie chuo kikuu. Hatua moja tu! Nikamwambia bila kusita, "Rudia." Akarudia, akapata C ile ile. Akaja tena, nami nikamwambia tena, "Usikate tamaa." Akarudia mara ya tatu, akapata C-. Alama ile ya kwanza ingemwingiza katika kozi ya diploma, na rafiki zake waliochukua njia hiyo walikuwa wamekwisha kumaliza na kuanza kazi. Yeye alikuwa angali amevaa sare ya shule, mtu mzima mwenye ndevu.

Baadaye alijifunza kuchomelea vyuma, na leo ana karakana yake mwenyewe na familia yake. Anaendelea vizuri, Mungu asifiwe. Siku moja alinitengenezea lango, nikamwomba radhi kwa shauri nililompa. Hakunilaumu. Aliniambia neno moja tu: "Mchungaji, siku ile ulinijibu kabla hujaniuliza."

Neno hilo limekaa nami. Kwa hiyo safari hii sikujibu. Nilimkaribisha binti chai, nikafungua Biblia, tukasoma pamoja Injili ya Luka mlango wa 5, habari ya Simoni Petro na wenzake kando ya ziwa la Genesareti. Nataka tuitazame nanyi sasa, maana nadhani ndani yake mna maswali ambayo nilipaswa kumwuliza yule kijana.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Wavuvi wamekesha usiku kucha na hawakupata kitu. Asubuhi wako ufuoni. Hawa si watu waliokuwa wakijaribu bahati. Ni mabingwa wa kazi ile, katika ziwa walilolijua tangu utoto, na wakati wa usiku ambao ndio wakati wa kuvua. Wameanguka mtihani katika somo lao wenyewe, kama yule mwalimu wetu wa hisabati.

Jambo la kwanza ninalotaka mlione ni mashua tupu. Bwana Yesu alikuja ufuoni, watu wakamsonga, akaingia katika mashua ya Simoni, akaomba isogezwe kidogo majini, akaketi humo na kufundisha. Hebu ngojeni kidogo hapo. Mashua ile haikuwa na hata samaki mmoja. Bwana hakusema, "Kwanza ijazeni, ndipo nipande." Aliipanda ikiwa tupu, akaifanya mimbari yake. Muujiza wa samaki ulikuja baadaye.

Wewe uliyeanguka, lisikie hilo kabla hujalisikia jambo lingine lolote. Kabla hatujazungumza juu ya kurudia au kuacha, Bwana ana kazi nawe leo, na alama zako zikiwa hizo hizo. Alama ni habari ya saa mbili za siku moja. Hata watungaji wa mtihani ule wa GRE wanavionya vyuo visitumie alama peke yake kumchagua mtu, tena visiichukue tofauti ndogo ya alama kuwa ni tofauti ya uwezo. Ikiwa watungaji wenyewe wanasema hivyo, mbona wewe unaichukua namba ile na kuibandika kwenye paji la uso wako kama jina ulilobatizwa?

Nalisema hili kwanza kwa sababu anayerudia mtihani ili athibitishe kwamba yeye ni mtu, huyo hatapata pumziko hata akishinda. Akipata 160 atatamani 165. Jirani atapata 167. Kiu ya namna hiyo hainyweshwi na alama. Mwana wa Mungu alikwisha kuketi katika mashua yako ilipokuwa tupu. Anzia hapo.

Jambo la pili ni nyavu. Bwana alipofika, wavuvi walikuwa wanafanya nini? Luka anatuambia walikuwa wakizisafisha nyavu zao. Mimi nilihubiri somo hili mara nyingi bila kuliangalia hilo. Watu wamechoka, wamekosa, wana aibu, lakini hawakuzitupa nyavu, wala hawakurudi majini mbio wakiwa na nyavu chafu. Walikaa chini wakazisafisha. Na anayesafisha wavu huona palipochanika.

Nilipokuwa chuo cha theolojia nilianguka mtihani wa Kigiriki. Kwa muda wa majuma mawili nilimweleza kila mtu kwamba swali la tatu halikuwa la haki. Mwisho nikajifungia chumbani na karatasi yangu, nikaona ukweli wa mambo: sikuvijua vitenzi. Nilikuwa nimesoma sana mambo niliyoyapenda, na vitenzi nikavipita pembeni. Sikupenda kuliona hilo, lakini nilipoliona nilijua la kufanya.

Basi nikamwuliza binti, "Nyavu zako zilichanika wapi?" Mwanzoni alisema hajui. Tukakaa kimya. Kisha akasema polepole kwamba hesabu zenyewe alizijua karibu zote. Alizifanyia mazoezi kwa simu, usiku, kitandani, akiwa amechoka na kazi, bila kutazama saa. Katika kituo cha mtihani dakika zilimkimbia, akayafikia maswali ya mwisho akikisiakisia tu. Hajawahi hata mara moja kukaa mezani akafanya mtihani mzima kwa kipimo cha saa. Hapo nikaona uso wake unafunguka kidogo. Alikuwa amedhani kwamba akili yake ndiyo iliyopungua. Sasa aliona tundu katika wavu, na tundu hushonwa.

Ndugu msikilizaji, lingekuwa jibu la namna nyingine, shauri nalo lingekuwa la namna nyingine. Kama angesema, "Mchungaji, nilijiandaa kwa kila njia, nilikuwa mzima wa afya, nilifanya yote niliyoweza, na hiyo ndiyo alama niliyopata," ningemwambia afikiri sana kabla ya kuuza mtamba. Yule kijana wangu wa kidato cha nne alirudi darasa lile lile, na vitabu vile vile, na mazoea yale yale. Sikumwuliza atabadilisha nini. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nao walisema kweli. Lakini mhunzi hushika koleo lingine, haendelei na lile lililovunjika.

Jambo la tatu ni kilindi. Bwana alimwambia Simoni asogee mpaka kwenye maji mengi, hapo ndipo wazishushe nyavu. Simoni akajibu kwa unyofu wake wote kwamba wamesumbuka usiku kucha bila kupata kitu, lakini kwa kuwa ni Bwana asemaye, atazishusha. Hapo naona maswali mawili. Utashushia wapi? Na unashusha kwa neno la nani?

Sheria ya mtihani ule ni hii: mtu anaweza kuurudia baada ya siku 21, na anaweza kuufanya hata mara 5 katika miezi 12. Alama zake hukaa miaka 5, naye anaweza kuchagua ni zipi zitumwe chuoni. Kwa hiyo mlango wa kurudia uko wazi sana. Lakini kuruhusiwa kurudia si sawa na kuitwa kurudia. Mlango ukiwa wazi mara 5, mtu mwenye hofu ataingia mara 5, na mitamba 5 itakwenda.

Nikamwuliza, "Unarudia kwa ajili ya nani?" Akataja kwanza wanafunzi wenzake wa zamani, wawili, ambao wako ng'ambo na huweka picha zao katika simu wakiwa ndani ya theluji. Kisha akacheka, akajua amejikamata mwenyewe. Nikamwambia asiondoke na picha zile tu, arudi nyuma mpaka kwenye haja ile ya kwanza. Akanieleza juu ya nyanya yake, ambaye aliugua muda mrefu na ugonjwa wake haukujulikana mapema, na jinsi alivyoanza kujiuliza ni wangapi wengine katika kata yetu walikuwa hivyo na hakuna aliyewahesabu. Nikaona huo ndio mwito. Mtihani ni mashua tu ya kuufikia.

Sisi wa Kiganjo tunao mfano karibu nasi. Kipchoge Keino alikuwa askari polisi, mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo chetu cha polisi hapa Kiganjo. Mwaka 1964 alikwenda katika michezo ya Olimpiki mjini Tokyo. Katika mbio za mita 5,000 alikuwa wa 5, na katika mita 1,500 hakufika fainali. Alirudi bila nishani. Mwaka 1965 akavunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 na ile ya mita 5,000. Mwaka 1968, huko Mexico City, akiwa anaugua maradhi ya nyongo, alianguka kwa maumivu katika mita 10,000, akapata nishani ya fedha katika mita 5,000, kisha akashinda dhahabu katika mita 1,500, zile zile ambazo hakufika fainali yake Tokyo. Yeye alishusha nyavu tena. Lakini tazameni ni kazi ya namna gani iliyokuwa katikati ya 1964 na 1968. Hakuishi miaka ile minne kwa kutamani tu.

Pamoja na hayo, wapenzi, ningekuwa ninawadanganya kama ningeishia hapo. Si kila mlango hufunguka kwa kubishwa tena. Katika Matendo ya Mitume mlango wa 16 tunasoma kwamba Paulo alitaka kulihubiri neno katika Asia, akazuiwa. Akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa tena, na aliyemzuia ni Roho wa Yesu mwenyewe. Paulo hakukaa mpakani akaendelea kuusukuma mlango. Akashuka mpaka Troa, akiwa hajui aendako, na usiku akaonyeshwa mtu wa Makedonia akimwita. Akavuka bahari, na huko Filipi akamkuta Lidia kando ya mto.

Na hapo pia Nyeri ina shahidi wake. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alirudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia, akitegemea kazi aliyoahidiwa katika chuo kikuu Nairobi, upande wa elimu ya wanyama. Alipofika akakuta kazi imepewa mtu mwingine. Akapata nafasi mahali ambapo hakupakusudia, katika idara ya mifugo. Huko akaendelea na masomo, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kuipata shahada hiyo. Utafiti wake juu ya kupe na ugonjwa wa ng'ombe ulimpeleka mashambani, na huko akaona mito imekuwa na matope na mifugo imekonda kwa kukosa malisho. Hayo aliyoyaona ni sehemu ya mambo yaliyomfanya aanze kupanda miti na akina mama mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Mlango aliofungiwa ulimgeuza kuelekea njia aliyotakiwa kuiendea.

Kwa hiyo nilimtuma binti akaulize habari kamili. Maana mara nyingine tunalia mbele ya mlango ambao hatujaujaribu kama umefungwa kwa ufunguo. Alikuwa ameandika vyuo vinne katika orodha yake. Akaviandikia vyote. Majibu yalipokuja, viwili vilisema haviudai mtihani huo tena. Vyuo vingi viliuacha baada ya mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Kimoja kilisema mwombaji akitaka alete, asipotaka asilete. Kimoja tu kilisema ni lazima. Naye alikuwa karibu kuuza mtamba kabla ya kuuliza! Tena nikamkumbusha kwamba hapa hapa Nyeri tuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na kwamba kuomba nafasi karibu na nyumbani si kukubali kuwa mtu wa daraja la pili.

Ndipo tukaketi pamoja na baba na mama yake. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaanza na kushindwa kumaliza. Yako katika Luka mlango wa 14. Tukahesabu. Tulihesabu ada, nauli, na majuma ya kujiandaa. Tukahesabu pia karo ya mdogo wake, ambayo haina mtu mwingine wa kuilipa. Baba yake, ambaye nilidhani atakuwa mgumu, alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: "Safari hii utafanya nini ambacho hukukifanya?" Nikafurahi moyoni, kwa sababu mzee yule, bila theolojia yoyote, aliuliza swali nililolikosa mimi miaka ile.

Na hii ndiyo iliyokuwa hukumu yao, si yangu. Atarudia mara moja, na mara moja tu. Ada ataitoa katika mshahara wake mwenyewe kidogo kidogo, na mtamba atabaki zizini. Kila Jumamosi atakaa mezani, saa ikiwa mbele yake, afanye mtihani mzima bila kuinuka. Wakati huo huo ataomba nafasi katika vile vyuo visivyodai mtihani, na hapa nyumbani pia. Alama ya pili ikija, iwe njema au mbaya, hatarudia tena. Ataichukua kama ilivyo na kuendelea mbele. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mtaniuliza, "Je, alipata ngapi?" Bado hajaufanya. Siku yake ni mwezi ujao. Nami nimechagua kuwasimulia leo, kabla ya matokeo, kwa kusudi. Ningengoja akapata 162, mngesema somo ni kwamba anayerudia hushinda. Ningengoja akapata 149, mngesema ni afadhali angeacha. Lakini nilimwona Jumapili iliyopita akiingia kanisani, akaketi na wazazi wake wote wawili, na alikuwa akiimba. Nyumba ile imepatana. Binti ameinua macho. Hayo yamekwisha kupatikana, na hakuna kompyuta itakayoyafuta.

Nimalizie na mwisho wa habari ya Petro, maana ndio unaonishangaza kuliko yote. Walizishusha nyavu, wakapata samaki wengi hata nyavu zikaanza kukatika, wakawaita wenzao wa mashua ya pili, na mashua zote mbili zikawa karibu kuzama. Hayo ndiyo matokeo waliyoyatamani usiku kucha. Kisha wakafanya nini? Walipofika ufuoni waliacha vyote, wakamfuata Yesu. Samaki wale waliotafutwa kwa jasho na machozi, siku ile ile waliachwa mchangani.

Hata alama unayoitafuta leo, ndugu yangu, ukiipata, utaiacha ufuoni. Miaka 10 ijayo hakuna mgonjwa atakayemwuliza binti yule alipata ngapi katika GRE. Watamwuliza kama anaweza kuwasaidia. Kama mtihani ni njia ya kumfuata Bwana mpaka kwa watu wake, safisha nyavu zako, hesabu gharama, uende kilindini ushushe tena. Kama Bwana anakuonyesha njia nyingine, shuka mpaka Troa bila aibu. Nasi wazazi, walimu na wachungaji, tuwaulize watoto wetu kabla hatujawajibu.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeketi katika mashua tupu, uje uketi leo na kila mtu aliyevunjika moyo kwa sababu ya matokeo yake. Mwondolee aibu. Mpe macho ya kuona wavu wake ulipochanika, na subira ya kuushona. Ikiwa wamtuma tena majini, mtie nguvu. Ikiwa wamgeuza njia, mshike mkono. Uzipatanishe nyumba zilizogawanyika, na utufundishe sisi tunaotoa mashauri kusikiliza kwanza. Kwa jina lako tunaomba. Amina.

Bwana awabariki katika kazi zenu za leo. Kwaherini.